Mama Mmoja Hatoshi

Kila kipindi kigumu kinapoingia, sifa za mama huongezeka. Bei ya unga ikipanda, mvua ikikataa, baba akipunguzwa kazini, maradhi yakizuka, utasikia watu wakisema kwa moyo mweupe kabisa: mama ndiye nguzo, mama hachoki, nani kama mama. Maneno hayo tumeyavaa kwenye kanga na kuyabandika nyuma ya bodaboda. Sina ugomvi na upendo uliomo ndani yake. Ninacholalamikia ni kazi ambayo sifa hizo zinafanya bila sisi kujua. Zinamwambia mwanamke kwamba mzigo ni wake peke yake, na kwamba akiyumba, kilichopungua ni moyo wake. Anayesifiwa kwa kutochoka hana mahali pa kusema amechoka.

Mama anapovuka kipindi kigumu, yeye na mwanawe wakiwa salama, karibu kila mara kuna mtu mwingine aliyesimama naye, hata kama jina la mtu huyo halitajwi. Kwa hiyo tunapouliza mama avukeje nyakati za shida na mashaka, inatupasa tuulize kwanza nani yuko naye, kwa saa ngapi, na gharama yake inalipwa na nani.

Tuanzie Kigoma. Tangu mtafiti Jane Goodall alipoanza kuwafuatilia sokwe wa Gombe mwaka 1960, tunajua vizuri jinsi mama sokwe anavyolea. Mtoto wake hambandui mwilini kwa miezi mingi, haruhusu ovyo mwingine amshike, na kwa kawaida hazai tena mpaka ipite miaka mitano au sita, yule wa kwanza akiwa anaweza kujitafutia chakula. Binadamu hana subira hiyo. Mwanamke huzaa tena wakati mtoto wa kwanza bado hajui hata kumenya muhogo, na huyo wa kwanza ataendelea kulishwa kwa miaka kumi na zaidi. Watoto wawili, watatu, wote wategemezi, wote wanakula kila siku. Mikono miwili haiwezi kuitosheleza hesabu hiyo. Mtaalamu wa Marekani Sarah Blaffer Hrdy, katika kitabu alichokitoa mwaka 2009, alijenga hoja kwamba ndiyo sababu binadamu alilazimika kuwa kiumbe anayelea kwa kushirikiana tangu mwanzo: mama, bibi, shangazi, dada mkubwa, baba, jirani.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili ulipatikana hapahapa Tanzania. Katika miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi, kando ya Ziwa Eyasi. Waliwafuata wanawake porini, wakapima muda ambao kila mmoja alitumia kuchimba mizizi, wakawapima watoto uzito. Kwa mama asiye na mtoto mchanga mambo yalikuwa kama tungetarajia: kadiri alivyochimba zaidi, watoto wake walinenepa zaidi. Lakini mama huyo akijifungua, kazi yake porini hupungua, kwa sababu kuna kichanga cha kunyonyesha. Je, wale wakubwa wanakonda? Hapo ndipo watafiti walipoona jambo lililobadilisha fikra za wengi. Uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa uliacha kufuata kazi ya mama yake, ukaanza kufuata kazi ya bibi. Wale bibi, wenye miaka sitini hivi na zaidi, ndio waliokuwa wakichimba kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana.

Nimelitaja hili kwa kirefu kwa sababu linaondoa aibu. Mwanamke anayejifungua na kuona kwamba hawezi kuendesha nyumba kama jana hana upungufu wowote. Hivyo ndivyo mwili na maisha ya binadamu yalivyopangwa: siku ambayo mama ana kichanga ndiyo siku ambayo mtu mwingine anapaswa kuingia jikoni.

Sasa tuongeze mashaka. Shida na mashaka ni ndugu, ila hayaumizi kwa namna moja. Mama anayejua kwamba mshahara utachelewa hadi tarehe 10 ataongea na Mangi wa dukani, atapunguza nyama, atasogeza ada. Shida yake ina mwisho unaoonekana. Asiyejua kama kazi itakuwepo mwezi ujao, kama mume aliyekwenda machimboni atatuma kitu, kama homa ya mtoto ni ya kawaida au ni ya kulazwa, huyo anafanya kazi ya pili isiyoonekana: anapanga mipango mitatu kwa ajili ya kesho moja. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Watu walewale walipewa majaribio ya akili kabla ya mavuno, mfukoni hamna kitu, kisha baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, ingawa akili zilikuwa zilezile. Wasiwasi wa pesa ulikuwa umekalia sehemu ya nafasi ya kufikiria.

Mweke mama wa kichanga mahali pa mkulima yule, halafu mwondolee usingizi. Atasahau tarehe ya chanjo iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Atapandisha sauti kwa mtoto mkubwa kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Atakaa na simu mkononi asijue alitaka kumpigia nani. Akifika kituoni akiwa amechelewa wiki mbili, asije akafokewa kwamba ni mzembe. Mtu aliyefikiria mambo arobaini tangu alfajiri ameangusha moja.

Maziwa ni mahali ambapo mashaka ya mama huonekana mwilini, na huko ndiko kutoelewa kunakoleta hasara kubwa. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka: mtoto akinyonya sana, titi linatengeneza sana. Lakini kutoka kwenyewe kunahitaji homoni inayoitwa oksitosini, ambayo huminya maziwa yateremke. Hofu, maumivu na msongo huichelewesha homoni hiyo. Mama aliyepokea habari mbaya asubuhi anamweka mtoto kifuani, mtoto ananyonya, hapati haraka, analia. Mama anaamini maziwa yamekauka. Na wanaomzunguka, kwa nia njema, wanasema hivyohivyo: huyu hana maziwa, mkorogeeni mtoto uji mwepesi. Mtoto wa miezi miwili anashiba uji, ananyonya kidogo, na kwa kuwa ananyonya kidogo, titi linapokea taarifa kwamba maziwa hayahitajiki. Baada ya wiki chache maziwa yamepungua kweli, na kila mtu anaona alisema sawa.

Mara nyingi maziwa yalikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni utulivu wa kuyateremsha. Dawa yake mara nyingi ni ndogo kuliko tunavyodhani: mama akae mahali pa faragha, anywe kitu cha moto, mtu amkande mgongo, mtoto awekwe ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe mara nyingi bila haraka. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kufanyika vizuri ikiwa mama huyohuyo ndiye anayesonga ugali, anayechota maji na anayemkogesha mtoto wa shule. Mtoto akionekana hakojoi vya kutosha au uzito haupandi, hapo ni kituo cha afya mara moja, si uji.

Wapo wanaohofu zaidi jambo jingine: je, wasiwasi wangu unamwambukiza mtoto? Hofu hii inastahili jibu la kweli. London ilipopigwa mabomu kuanzia Septemba 1940, wataalamu wa saikolojia ya watoto Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulelea watoto huko Hampstead. Waliwatazama kwa karibu watoto wadogo waliopitia mabomu yale, na waliyoyaona yaliwashangaza wengi. Watoto waliobaki na mama zao, au na mtu mzima waliyemzoea, walistahimili milio ile kuliko ilivyodhaniwa. Waliotikisika sana walikuwa wale waliotenganishwa na mama zao, hata kama walikuwa wamepelekwa vijijini kwenye usalama. Kwa mtoto mdogo, hatari kubwa ilikuwa kumkosa mtu wake. Na hali ya mtu huyo nayo ilisomwa: mama akitetemeka, mtoto hutetemeka.

Somo hilo lilifika kwa wengi likiwa nusu. Mwaka 1951 mtaalamu John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama, na watu wengi wakaondoka nayo wakiwa na jambo moja tu, kwamba mama asibanduke. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba mama naye anahitaji kutegemezwa na jamii, pamoja na kutegemezwa kifedha. Sehemu hiyo haikupata wasomaji wengi. Ilikuwa rahisi kumwongezea mama wajibu kuliko kumwongezea mtu wa kumsaidia.

Kwa anayejilaumu kwamba jana alilia mbele ya mtoto, kuna habari njema pia. Mtaalamu Edward Tronick, ambaye tangu miaka ya 1970 alichunguza mazungumzo ya macho na sura kati ya mama na mtoto mchanga, aligundua kwamba hata wale wanaopatana vizuri hawaendi sambamba muda wote. Wanapotezana kila mara, kisha wanarudiana. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana. Mama aliyefoka, akapumua, akamrudia mtoto na kumwambia, "Mama alikuwa amechoka, njoo," amempa kitu. Mtoto mkubwa kidogo anastahili pia maneno ya kweli kwa kipimo chake: baba hana kazi kwa sasa, tutakula maharage zaidi, shule utaendelea. Watoto hujua nyumba inapokuwa na neno lisilosemwa, na wanalijazia wenyewe, kwa kawaida kwa jambo baya kuliko lenyewe.

Lakini kuna mama asiyeweza kurudi. Siku za mwanzo baada ya kujifungua, machozi ya bila sababu ni ya kawaida. Huja mnamo siku ya tatu hivi na kuondoka ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, mama hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu na chakula wala na mtoto mwenyewe, anajiona hafai, au anawaza kufa, hiyo ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban asilimia 15.6 ya wanawake wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Karibu mmoja kati ya watano. Ukienda siku ya kliniki, ukawaona wamekaa kwenye benchi na vichanga vyao, hesabu mwenyewe.

Wengi wao wataambiwa waombe, wavumilie, au washukuru kwamba mtoto ni mzima. Sala ina nafasi yake na sitaibeza. Ila ugonjwa huu unatibika, na hautibiwi na madaktari bingwa peke yao. Katika vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistan, mtafiti Atif Rahman na wenzake waliwapa mafunzo mafupi wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wenye elimu ya sekondari, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona wanapomtembelea nyumbani. Hawakuanza kwa kumwambia anaumwa akili. Walianza na mtoto: tufanye nini ili mtoto akue vizuri? Kutoka hapo wakafika kwenye fikra za mama, kwenye mume, kwenye mama mkwe. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona kati ya waliotembelewa namna hii walikuwa asilimia 23. Kati ya waliotembelewa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 53. Hapakuwa na kidonge. Palikuwa na mtu anayerudi.

Mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwaandaa na kuwalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kiwekwe katika mafunzo yao, ni hiki: pamoja na kuuliza kuhusu chanjo na chandarua, wamuulize mama analalaje, anakulaje, na nani yuko naye usiku.

Hayo yote babu na bibi zetu waliyajua kwa njia yao. Pwani, mzazi alikaa arobaini. Siku arobaini hakutoka, hakupika, hakubeba ndoo. Mama yake, au shangazi, au somo wake alikuwepo. Alikandwa kwa maji ya moto, alifungwa tumbo kwa kanga, alipewa uji wa pilipili manga na supu. Uchagani, mzazi alipikiwa mtori. Majina na vyakula vilitofautiana kabila kwa kabila, ila mpango ulikuwa mmoja: kwa muda maalumu, unaojulikana na kila mtu, mwanamke huyu anahudumiwa. Wala hakuhitaji kuomba. Hilo la kutoomba ndilo ninaloliona kuwa hekima kubwa kuliko zote, kwa sababu aliyechoka sana hana nguvu hata za kuomba.

Si yote yaliyofanywa yalikuwa mema. Maji ya moto kupita kiasi yaliwaunguza baadhi, maziwa ya mwanzo ya njano yenye kinga yalimwagwa kwa kudhaniwa ni machafu, na vichanga vilinyweshwa vitu visivyostahili. Hayo tuyaache. Lakini mjini tumeacha pia lile lililokuwa jema. Kijana aliyepanga chumba Mbagala au Kawangware amejifungua huku mama yake yuko Songea au Busia. Nauli ya kumleta bibi ni pesa, chakula cha bibi ni pesa, na chumba ni kimoja. Bibi mwenyewe, wa kizazi cha leo, mara nyingi bado ana genge lake, shamba lake, au wajukuu wengine wa kulea. Arobaini inakuwa siku kumi, kisha saba. Siku ya nane mzazi ameinama kwenye beseni.

Pengo hilo limezibwa na dada wa kazi. Nataka kulisema hili bila kuwahukumu akina mama wanaowategemea, kwa sababu bila wao ofisi nyingi za mijini zisingefunguliwa. Lakini tusijidanganye. Dada huyo mara nyingi ni msichana aliye mbali na kwao, anayelipwa kidogo, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tumeuchukua mzigo wa mama mmoja tukamtwisha binti wa mama mwingine. Familia inayomtegemea dada inapaswa kumhesabu kama mtu anayehitaji usingizi, siku ya mapumziko na mshahara kwa wakati, kwa sababu mtoto analelewa na mikono yake pia.

Hakuna mahali ambapo hesabu ya mikono inaonekana wazi kama kwenye wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Huduma ya kangaruu, kumweka mtoto mdogo sana kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipoelemewa na uhaba wa vifaa vya joto. Mwaka 2021 utafiti mkubwa wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atengemae, kunaokoa maisha. Kwa watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0 kati ya walioanza mapema, na asilimia 15.7 kati ya waliosubiri. Sasa tazama muda uliotumika. Watoto walioanza mapema walikaa kifuani takriban saa 17 kwa siku. Mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji, anayetakiwa kula, kuoga, kukamua maziwa na kulala, atatoa wapi saa 17? Hazitoki kwa mama mmoja. Ndiyo maana katika utafiti ule ndugu alihesabiwa kama sehemu ya tiba: mama akishindwa, mtu mwingine wa familia alifungua kifua chake. Hospitali inayomzuia bibi au baba getini kwa sababu saa ya kuona wagonjwa imekwisha inajinyima dawa.

Sheria nayo ina neno. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya ni miezi mitatu, Uganda siku 60 za kazi. Mwaka 2025 Tanzania iliongeza jambo jema: mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda, jambo ambalo Taasisi ya Doris Mollel ilikuwa imelipigania kwa miaka. Hata hivyo wataalamu wanamwambia mama anyonyeshe bila kitu kingine miezi sita, na siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Saa mbili za kunyonyesha, kwa anayefanya kazi Posta na kuishi Chamazi, zinaishia barabarani. Afadhali Kenya, ambako Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia.

Baba, kwa sheria ya Tanzania, anapata siku tatu. Siku tatu zinaisha kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Sheria imemwambia yeye ni mgeni katika jambo hili, nasi tunashangaa akikaa kigeni. Kenya inampa wiki mbili, na sioni kwa nini Tanzania isifike hapo.

Na bado tunazungumzia walioajiriwa tu. Mama lishe hana likizo. Mkulima hana. Mwenye genge akifunga siku kumi, mteja amehamia kwa jirani na mtaji umekwisha kuliwa. Kwa hao, ambao ndio wengi, ninaona mlango mmoja ulio karibu zaidi kuliko Bunge: vikoba. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii, kiasi kidogo kinachochangwa kila kikao kwa ajili ya misiba na magonjwa. Uzazi unajulikana miezi mingi kabla ya kutokea, kwa hiyo kuupangia ni rahisi kuliko kuupangia msiba. Kikundi kikikubaliana kwamba mwanachama aliyejifungua analipiwa wiki sita za chakula, na marejesho ya mkopo wake yanasimama kwa muda huo, kimerudisha arobaini bila kusubiri mtu.

Mkono wa pili unaweza pia kuwa wa mtu asiyekujua kabisa. Machi 2020 Kenya ilipoweka kafyu ya usiku kwa sababu ya korona, uchungu wa uzazi haukuisikia amri hiyo. Teksi ziliogopa polisi, wajawazito wakaogopa kutoka. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi aliona wanaofika hospitali usiku wamepungua, akajua hawakuacha kujifungua. Aliomba msaada mtandaoni, na katika muda mfupi ukazaliwa mpango wa Wheels for Life: namba ya bure, daktari wa kusikiliza simu, na gari la kumchukua mama usiku. Tanzania ina mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa. Ambulansi ikiwa mbali, kituo cha simu kinamtafuta dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya takwimu za 2015/16 na za 2022. Sababu za mafanikio hayo ni nyingi, na mojawapo ni kwamba mwanamke mwenye kifafa cha mimba usiku haachwi tena akiwa na mume wake na baiskeli tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, bila shaka kuna mwanamke mtaani kwako, ofisini kwako au katika ukoo wenu aliyejifungua karibuni au anayelea katikati ya jambo zito. Usimwambie ajikaze. Usimuulize kama anahitaji kitu, kwa maana atakujibu yuko sawa. Nenda Jumamosi, chukua beseni la nguo ufue, au mchukue mtoto mkubwa akacheze na wako hadi jioni, mwenyewe alale. Ukiwa baba wa nyumba hiyo, chukua zamu ya usiku baada ya mama kunyonyesha. Ukiwa kiongozi wa kikoba, lipeleke suala la uzazi kikao kijacho. Ukimwona amepita wiki mbili akilia, hali, halali, au anasema afadhali asingekuwepo, nenda naye kituo cha afya siku hiyohiyo, wala usimwache aende peke yake. Na dharura ya uzazi au ya kichanga ikitokea popote Tanzania, namba ya m-mama ni 115, na kuipiga ni bure.